GOTI LA BANDIA NALO LINACHAKAA (mfululizo wa wiki hii, sehemu ya 1 hadi ya 6, nimeziunganisha kama mlivyoomba)

SEHEMU YA 1: KWA NINI NAWAANDIKIA NYIE NA SIO BIBI

Mama zangu, dada zangu, na akina baba mnaosoma kimyakimya bila hata kuweka laiki. Nawaona.

Tangu niandike ile mada ya magoti kusagika, nimepata ujumbe mwingi sana. Karibu wote unafanana: "Nesi, mama yangu goti limeisha, daktari amesema liwekwe la bandia, tunachanga ukoo mzima. Ni shilingi ngapi?"

Swali la hela ni la haki kabisa, silidharau. Kuna familia hapa Tabora zimeuza ng'ombe, zingine zimesubiri malipo ya tumbaku, ili mama atembee tena. Lakini kuna swali la pili ambalo karibu hakuna anayeniuliza: hilo goti litadumu miaka mingapi, na likirudi nyumbani litaishi maisha gani?

Ndiyo maana nawaandikia nyie wenye miaka ishirini, thelathini, arobaini. Bibi ndiye anayeumwa, ila nyie ndio mnaochanga, mnaosaini, mnaompokea stendi, na mnaomwonyesha pa kulala na jiko la kupikia. Goti lake likichakaa mapema, wa kuchanga tena ni nyie hao hao. Na kuna jambo lingine: magoti yenu yako njia moja na yake, mmechelewa tu kuanza safari.

Msimamo wangu nausema mapema. Wahandisi wamehangaika zaidi ya miaka 50 kupunguza kuchakaa kwa goti la bandia, na wamefika mbali. Ila kazi yao inafika nusu. Nusu nyingine iko jikoni kwako, chooni kwako, na kwenye faili la hospitali. Hiyo nusu ya pili hapa kwetu tunaiacha hewani, halafu tukirudi tunasema goti lilikuwa feki.

SEHEMU YA 2: HILO GOTI NI KITU GANI HASA?

Wengi wanadhani daktari anakata mguu katikati na kuunganisha bawaba kama ya mlango. Hapana. Kwa kawaida daktari anaondoa uso uliosagika wa mifupa, anauvika uso mpya. Fikiria jino linavyovikwa kofia, sio kung'olewa.

Kuna vipande vitatu vya kukumbuka. Juu, mwisho wa mfupa wa paja, kinavikwa kipande cha chuma kilichopinda vizuri, mara nyingi mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, kinang'aa kama kioo. Chini, juu ya mfupa wa muundi, inakaa sahani ya chuma, mara nyingi titani. Katikati ya vyuma hivyo viwili kunawekwa kipande cha plastiki ngumu. Hiyo plastiki ndiyo inachukua nafasi ya gegedu, ule utelezi mweupe unaouona kwenye kiungo cha kuku. Pia ya goti nayo wakati mwingine inawekewa kiplastiki chake kwa nyuma. Vyote mara nyingi vinashikizwa na saruji maalumu ya mifupa.

Sasa plastiki hiyo inaitwa poliethilini. Ni ndugu wa plastiki ya jerikeni lako la maji. Usicheke, ni ukoo mmoja kweli. Tofauti ni kwamba minyororo yake ya ndani ni mirefu mno kuliko ya jerikeni, kwa hiyo ni ngumu kusagika na inateleza.

Ilifikaje mwilini mwa binadamu? Kwa kushindwa kwanza. Daktari wa Uingereza, John Charnley, wa hospitali ya Wrightington, alianza na nyonga. Kuanzia 1958 alitumia Teflon, ile ile inayopakwa kwenye kikaango kisichogandisha. Ilikuwa inateleza ajabu, wagonjwa kama 300 wakawekewa, wakatembea, kila mtu akafurahi. Baada ya miaka miwili mitatu maumivu yakarudi. Teflon ilikuwa inasagika kama chaki, na unga wake unavimbisha nyama na kula mfupa. Ikabidi arudi kuwafanyia upasuaji tena.

Mwaka 1962 fundi wake, Harry Craven, aliiweka hii poliethilini kwenye mashine ya majaribio. Charnley mwenyewe mwanzoni aliidharau. Mashine ikazunguka siku na siku, plastiki ikagoma kuisha. Ndipo wakabadilisha. Goti likafuata: Frank Gunston kutoka Kanada, akiwa hapo hapo Wrightington, alianza kuweka goti lake la chuma na plastiki mwaka 1968. Mwaka 1974 John Insall na wenzake wa New York wakatoa umbo ambalo magoti mengi ya leo ni wajukuu zake.

Kwa nini nawapa historia? Kwa sababu toka mwanzo shida haikuwa "je, mgonjwa atatembea?" Alitembea. Shida ilikuwa "je, baada ya miaka kumi?" Mama yako akicheza kwaito kwenye harusi miezi sita baada ya upasuaji, mshukuru Mungu, lakini usiseme tumemaliza.

SEHEMU YA 3: LINACHAKAAJE, NA MAFUNDI WALIFANYA NINI

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Nitatumia vitu vya nyumbani.

Chukua ndala zako za zamani, zigeuze. Soli imelika upande mmoja, si ndiyo? Upande unaoegemea. Goti la bandia ni vile vile. Likiwekwa limeinama kidogo, au mguu ukibaki na tege, uzito wote unakaa upande mmoja na plastiki ya upande huo inaisha haraka. Ndiyo maana daktari bingwa anahangaika na picha za eksirei, vipimo na pembe kabla hajashika kisu. Kunyoosha mguu kunaleta urembo, ndiyo, lakini kunaongeza pia miaka ya goti.

Pili, kumbuka ulivyokwenda kwenye sherehe ya nje baada ya mvua umevaa kisigino kirefu. Kilizama. Dada aliyevaa raba hakuzama, na huenda ana kilo nyingi kukushinda. Uzito ukikusanywa sehemu ndogo unachimba. Zamani baadhi ya magoti yalikuwa na plastiki bapa na nyembamba, chuma cha mviringo kikawa kinaigusa mahali padogo, kinaichimba mpaka inabanduka vipande. Mafundi wakajifunza: plastiki isiwe nyembamba, mara nyingi milimita 8 au zaidi, na ichongwe bonde linalofuata mviringo wa chuma ili uzito usambae.

Unasema basi si wachonge bonde refu kabisa, chuma kikae kama mchi kwenye kinu? Hapo ndipo ugumu. Goti halikunji tu, linajizungusha kidogo pia. Ukilibana sana, ile nguvu ya kujizungusha haipotei, inashuka kwenye saruji na mfupa, mwisho sahani inalegea. Ukiliacha huru sana, plastiki inachimbwa. Kuna waliojibu kwa kutengeneza plastiki inayosogea juu ya sahani, kama Goodfellow na O'Connor wa Oxford katika miaka ya 1970. Kila umbo ni mapatano. Unapata hapa, unalipa pale.

Tatu, jerikeni lililoachwa juani mwaka mzima linafanyaje? Linapauka, ukiligonga linapasuka. Jua na hewa vimelila. Kitu cha jamaa hiyo kilizikuta plastiki za magoti. Kwa miaka mingi zilisafishwa vijidudu kwa mionzi ya gama zikiwa na hewa ndani ya pakiti. Mionzi iliua vijidudu sawasawa, ila iliiacha plastiki na majeraha madogo, na oksijeni ikaingia hapo. Goti likikaa stoo miaka kadhaa, linawekwa kwa mgonjwa tayari limeanza kuzeeka. Katika miaka ya 1990 watengenezaji wakabadilisha, wakawa wanaondoa hewa kwenye pakiti au wanasafisha kwa njia nyingine.

Halafu wakagundua jambo jema ndani ya baya. Mionzi ikitumiwa kwa mpango inaifunga minyororo ya plastiki pamoja, kama kusuka mkeka badala ya kulaza ukindu mmoja mmoja. Plastiki hiyo inasagika kidogo zaidi. Lakini ukizidisha, inapoteza unyumbufu na inaweza kupasuka, na goti linapigwa nguvu kubwa kuliko nyonga, kwa hiyo wanakwenda kwa kipimo. Miaka ya karibuni wengine wanaiongezea vitamini E, ile ile iliyomo kwenye karanga zetu na mafuta ya alizeti, ili izuie oksijeni isiile.

Sasa unga unaosagika unafanya nini? Haupiti na jasho. Ni chembe ndogo mno, hazionekani kwa macho. Askari wa mwili wanazimeza wakidhani ni vijidudu, wanashindwa kuziyeyusha, wanaita wenzao, na katika vurugu hiyo mfupa unaozunguka goti unaliwa. Bibi haumwi mwanzoni, na hapo ndipo hatari ilipo. Siku anaanza kuumwa, mfupa wa kushikia goti jipya unakuwa umepungua, na upasuaji wa pili ni mrefu na mgumu kuliko wa kwanza.

Niseme ukweli wote: kwa plastiki za sasa kuchakaa kumepungua sana, na magoti mengi yanayorudiwa yanarudiwa kwa maambukizi au kulegea. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa: magoti kamili kama 82 kati ya 100 yalikuwa bado yapo mwilini baada ya miaka 25. Hiyo ni habari njema mno, na wale wanaowatisha wazazi wenu kwamba "goti la chuma ni miaka mitano tu" waambieni waache.

Lakini soma na hii. Uchambuzi mwingine wa Uingereza wa 2017, kwenye jarida hilo hilo, ulionyesha kwamba aliyewekewa akiwa na miaka 70 au zaidi, uwezekano wa kurudiwa maishani mwake ni kama 5 kati ya 100. Kwa wanaume waliowekewa mwanzoni mwa miaka ya hamsini unafika 35 kati ya 100. Chuma na plastiki ni vile vile. Tofauti kubwa ni miaka watakayoishi navyo na kazi watakayovipa.

Na kumbukumbu hizo zinatoka nchi ambako bibi anakaa kwenye kiti.

SEHEMU YA 4: GOTI LA KITI KWENYE MAISHA YA CHINI

Mashine inayojaribu goti la bandia kiwandani inalikunja na kulikunjua mara milioni 5 chini ya uzito. Kwa hesabu yao ya kawaida, milioni moja ni kama mwaka mmoja wa kutembea. Mwendo unaoigizwa ni wa mtu anayetembea sakafu iliyonyooka.

Sasa turudi kwetu. Mji huu umejengwa na miguu. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na nguo kati ya Unyanyembe na Bagamoyo, njia ya kilomita kama 800, mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na kitu. Wanawake nao walikuwemo kwenye misafara hiyo, na vyombo vyao na watoto wao. Piga hesabu na mimi: hatua moja ukiipa sentimita 70, safari ya kwenda tu ni hatua zaidi ya milioni moja, yaani kila goti linakunjwa zaidi ya mara laki tano. Nusu mwaka wa ile mashine, tena na mzigo kichwani, kwenye kilima na bonde.

Utasema hiyo ni zamani, reli ilifika Tabora 1912. Haya, njoo kwa mama wa leo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Unapotembea, goti linabeba uzito wako mara mbili hadi tatu kwa kila hatua, na ndoo inaingia kwenye hesabu hiyo hiyo. Kwa hiyo goti linasikia kilo 40 hadi 60 za nyongeza. Kila hatua, kutoka bombani mpaka nyumbani.

Halafu kuna kukunja. Kukaa kwenye kiti, goti linakunjwa nyuzi 90 hivi. Kupanda ngazi ni karibu na hapo. Goti la bandia likienda vizuri, wengi wanafika nyuzi 110 hadi 120. Sasa kuchuchumaa chooni, kukalia visigino ukikoroga ugali kwenye mafiga, kukaa tahiyatu kwenye mkeka wa sala, kupiga goti kumsalimia mkwe kama tulivyofundwa Unyamwezini: huko kunataka nyuzi 130 mpaka 150. Ukilazimisha goti la bandia kufika huko, chuma kinarudi nyuma na kubonyeza ukingo wa nyuma wa plastiki. Ile raba inageuka kisigino kirefu.

Mafundi hawakulala. Bara la Asia nako watu wanakaa chini, na kutokana na soko hilo yalitengenezwa magoti ya kukunja zaidi. Baadhi ya wagonjwa wa Korea waliowekewa aina hiyo na kurudia kuchuchumaa, magoti yao yalilegea mapema. Kwa hiyo msidanganywe na neno "la kukunja sana". Chuma kinaweza kuruhusu, mfupa ukakataa.

Nasema wazi ninachoamini: goti la bandia tunaloletewa limebuniwa kwa maisha ya kiti. Ningefurahi sana kuona wahandisi vijana wa Afrika Mashariki wakibuni kwa kumtazama mwanamke anayechuchumaa. Mpaka siku hiyo ifike, hatuwezi kumrudisha bibi kwenye mafiga na choo cha shimo halafu tukalaumu plastiki.

SEHEMU YA 5: NUSU YA KAZI IKO NYUMBANI KWAKO

Nimemhudumia mama mmoja, simtaji jina wala kijiji. Goti lilikuwa zuri, kidonda kimepona, anatembea na fimbo moja. Nikamuuliza mwanawe: choo cha nyumbani kikoje? Akanijibu, "Cha kawaida tu nesi, cha kuchuchumaa." Na jiko? "La chini." Kitanda? "Analala na wajukuu, godoro liko chini." Familia ilikuwa imechanga mamilioni kwa ajili ya goti, na shilingi sifuri kwa ajili ya mahali litakapoishi. Yule kijana hakuwa mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Basi nawaambia nyie. Kabla mama hajasafiri kwenda kwenye upasuaji, fanyeni haya:

Choo. Kama hamwezi kuweka cha kukaa, fundi seremala atawatengenezea kiti cha mbao chenye tundu, kinawekwa juu ya shimo. Kiwe imara, kisiyumbe, na pembeni muweke mti au bomba la kushika.

Jiko. Inueni mafiga kwa matofali na udongo mpaka usawa wa kiuno, au jengeni jiko banifu la juu. Mkishindwa, mama apike akiwa ameketi kwenye stuli ndefu. Kile kigoda kifupi cha mbuzi ya nazi hakimfai.

Kitanda. Akikaa ukingoni, magoti yake yasipande juu ya nyonga. Godoro la chini hapana.

Sala na adabu. Muislamu mwenye udhuru anaruhusiwa kusali ameketi, muulizeni imamu wenu. Na kuhusu salamu, jamani, mkwe mwenye goti la bandia akiinamisha kichwa ameshasalimia. Wazee wa ukoo wakae wamwambie hivyo wenyewe, asione aibu. Kugusisha goti chini mara moja kwenye kitu laini, wengi wanaruhusiwa, muulize daktari wake. Kukalia visigino na kuchuchumaa mpaka chini ndiko nakokataza.

Mzigo. Ndoo, kuni, gunia la mahindi: basi. Hizo sasa ni za kwako na mumeo. Baiskeli mnazo.

Uzito wa mwili. Utafiti wa Marekani wa 2005 ulikuta kwamba kila kilo moja anayopunguza mtu mwenye goti lililosagika, goti linapunguziwa kama kilo 4 kwa kila hatua. Kilo tano tu ni kilo ishirini. Hiyo ni ndoo nzima ya maji imeshushwa kichwani bila dawa yoyote.

Na wewe mama kijana unayesoma huku unanyonyesha, hili ni lako pia. Goti lako la kuzaliwa halina plastiki, lina gegedu hai, na hakuna fundi aliyewahi kutengeneza kitu kinacholifikia. Kaa kitini, nyoosha mguu mmoja mpaka ukaze msuli wa paja, hesabu mpaka tano, shusha. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Paja lenye nguvu linalipunguzia goti mzigo. Mtoto mwenye matege yasiyonyooka baada ya umri wa miaka miwili mitatu, au tege la mguu mmoja tu, mlete aangaliwe mapema. Mtoto mwenye homa na goti limevimba, hataki hata kuguswa, huyo ni wa leo leo, sio wa kesho. Usaha kwenye kiungo unaila gegedu kwa siku chache, na mtoto huyo ndiye anayekuja kutafuta goti la bandia akiwa na miaka thelathini.

Na msinywe dawa za maumivu za dukani miezi na miezi. Tumbo na figo zinalipa.

SEHEMU YA 6: NUSU ILIYO KWENYE FAILI

Zamani mzigo ulitoka Tabora kwenda pwani kwa miguu. Leo wapo wagonjwa wetu wanaofuata uelekeo ule ule kwa treni au basi kwenda MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa 1996. Wengine wanakwenda Mwanza, wengine Dodoma. Wanawekewa goti, wanarudi Urambo, Sikonge, Kaliua. Na hapo uzi unakatika.

Nimeeleza kwamba goti linachakaa kimya, mfupa unaliwa kabla maumivu hayajaja. Kinachogundua ni picha ya eksirei, mama akiwa amesimama, ikilinganishwa na picha ya zamani. Hiyo haihitaji Dar es Salaam. Eksirei ipo Kitete. Kinachokosekana mara nyingi ni picha ya zamani na karatasi inayosema ni goti gani. Mtu anakuja mwaka wa nane goti linauma, unamuuliza aliwekewa aina gani, anasema "la chuma". Daktari anayetakiwa kubadilisha plastiki peke yake hawezi, kwa sababu hajui aagize ya kampuni gani na saizi gani. Kosa la mgonjwa ni dogo sana hapo.

Kila goti linakuja kwenye pakiti yenye stika zenye jina, namba na saizi. Nyingine zinabandikwa kwenye faili. Ombeni moja, au pigeni picha ya ukurasa huo kwa simu, muihifadhi pamoja na kadi ya bima. Ni haki yenu. Hakuna nesi mwenye akili timamu atakayewakatalia, na akikataa mwombeni daktari.

Kwa wakubwa wangu wa wizara, ninayosema hapa nayasema kwa heshima. Sweden walianza kuandika kila goti kwenye daftari la taifa mwaka 1975. Hivyo ndivyo dunia ilivyojua aina ipi inalegea mapema na kuacha kuitumia. Mtu atasema Sweden ni matajiri. Sawa, Malawi je? Jirani zetu hawa walianzisha daftari lao la nyonga na magoti ya bandia mwaka 2005. Kwa hiyo haliko juu ya uwezo wetu. Nataka kila goti linalowekwa kwa Mtanzania liandikwe mahali pamoja, na mgonjwa wa Tabora aangaliwe Tabora kila baada ya miaka michache kama daktari atakavyopanga. Tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Tunapojadili kitita, tusijadili bei ya chuma peke yake, tuweke na picha za ufuatiliaji. Picha chache za eksirei ni hela kidogo mno ukilinganisha na kurudia upasuaji.

Kwa kumalizia, nakiliheni haya maswali ya kumuuliza daktari kabla ya kusaini:

Je, mama amejaribu mazoezi, kupunguza uzito na fimbo vya kutosha, au tunawahi? Kwa umri wake, goti hili linatarajiwa kudumu miaka mingapi? Ni goti la aina gani, na plastiki yake ni ipi? Atakunja mpaka wapi, na asifanye nini? Tarehe ya picha ya kwanza ya ufuatiliaji ni lini, na anaweza kupigwa hapa hapa? Dalili zipi zinirudishe haraka? Hili la mwisho nalijibu sasa: goti kuvimba ghafla, joto, usaha, homa, maumivu mapya, au kuhisi linacheza. Usisubiri mnada upite.

Kesho saa mbili usiku, zamu ikiisha, nitajibu maswali hapa chini. Aliyeshainua jiko lake atutumie picha, tuone matofali mangapi yametumika. Wengine wataiga.